Gavana Anapohamia White House

Jimmy Carter, akiwa gavana wa Georgia, alipanda mtumbwi akateremka mto Flint. Wahandisi wa jeshi la Marekani walitaka kujenga bwawa mahali paitwapo Sprewell Bluff, naye alitaka kuuona mto kabla haujazibwa. Aliporudi ofisini alikaa na makabrasha ya mradi, akapiga hesabu mwenyewe, akaona faida zilizoandikwa humo zimetiwa chumvi. Mwaka 1973 akaukataa mradi. Bwawa lile halikujengwa hadi leo.

Nimefundisha utawala wa majimbo kwa miaka mingi, na kila muhula naanza na mto huo. Kwa nini? Kwa sababu Februari 1977, mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa kuwa Rais, Carter alitaka miradi 19 ya maji inyimwe fedha. Hoja zilikuwa zile zile za Georgia: gharama kubwa, faida za kwenye karatasi, mito inayoharibiwa. Safari hii, hata hivyo, kila bwawa lilikuwa na mwenyewe. Kila mradi ulimgusa mbunge au seneta fulani nyumbani kwake, na wengi wao walikuwa wa chama chake mwenyewe cha Democratic, watu ambao kura zao angezihitaji kesho yake kwa jambo jingine. Walikasirika, na Carter akalazimika kuacha sehemu kubwa ya miradi iendelee. Uhusiano wake na Bunge haukupona vizuri tena.

Alikuwa na hoja nzuri, na mimi naamini alikuwa sahihi kuhusu mengi ya mabwawa yale. Kilichompata ni kwamba aliingia Washington na mazoea ya gavana bila nguvu za gavana. Ugavana ni shule bora kuliko zote ya urais wa Marekani, lakini vifaa vya shule hiyo hubaki shuleni.

Niseme kidogo kuhusu cheo chenyewe, maana huku kwetu neno linachanganya. Mtanzania akisikia gavana anawaza Benki Kuu, kwani mkoa wake unaongozwa na mkuu wa mkoa aliyeteuliwa na Rais. Mkenya anawaza kaunti, na magavana wake wa kwanza waliochaguliwa waliingia ofisini mwaka 2013. Gavana wa jimbo Marekani anamkaribia zaidi yule wa Kenya, ila mamlaka yake ni mapana mno: jimbo lina katiba yake, sheria zake za jinai na mahakama zake hadi ya juu kabisa. Gavana anaandaa bajeti, anatia saini sheria au anazikataa kwa kura ya turufu, na mafuriko yakija ndiye anayewaita askari wa akiba wa jimbo.

Marais 17 wamepitia cheo hicho, tangu Thomas Jefferson wa Virginia. Wengine walikipitia mbiombio: Martin Van Buren hakumaliza hata miezi mitatu New York mwaka 1829 kabla ya kwenda kuwa waziri wa mambo ya nje. Kipindi chao kilichovuma zaidi ni cha baada ya Rais Richard Nixon kujiuzulu kwa kashfa mwaka 1974. Wananchi walikuwa wamechoshwa na Washington, na mtu wa kutoka mbali alionekana msafi. Katika chaguzi nane za kuanzia 1976 hadi 2004, saba zilichukuliwa na watu waliokuwa magavana: Carter, Ronald Reagan wa California mara mbili, Bill Clinton wa Arkansas mara mbili, na George W. Bush wa Texas mara mbili. Tangu Bush aondoke mwaka 2009, hajaingia mwingine.

Aliyejua kubeba kilichobebeka ni Franklin Roosevelt. Soko la hisa lilipoporomoka Oktoba 1929, yeye ndiye aliyekuwa gavana wa New York, na foleni za mkate zilikuwa mitaani mwake. Mwaka 1931 jimbo lake liliunda shirika la dharura la kuwasaidia wasio na kazi, likatengewa dola milioni 20. Aliyekuja kuliendesha ni Harry Hopkins. Roosevelt alipoingia White House mwaka 1933 alimchukua Hopkins akampa kazi ile ile kwa nchi nzima, na siku yake ya kwanza kazini Hopkins aliidhinisha zaidi ya dola milioni 5 ziende majimboni. Frances Perkins, aliyesimamia masuala ya kazi New York, alikwenda kuwa waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani. Mamlaka ya ugavana hayahamishiki, lakini watu waliokwisha kuijaribu kazi wanahamishika. Katika historia yote hii, hilo ndilo linalonivutia zaidi.

Clinton naye alijifunza kwa maumivu. Alishinda ugavana wa Arkansas mwaka 1978 akiwa na miaka 32. Akitafuta fedha za barabara, akapandisha ada ya leseni za magari, na ada hiyo ikapangwa kwa uzito wa gari. Fikiria maana yake kijijini: mwenye pikapu kuukuu, nzito, alilipa zaidi ya mwenye gari dogo jipya. Uchaguzi wa 1980 wakamtoa, na ada ile ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Akaenda kwenye televisheni kuomba radhi, na mwaka 1982 wakamrudisha.

Huyu sasa ndiye aliyejaribu kukifuata kifaa kilichobaki nyuma. Katika majimbo mengi, gavana akiletewa sheria ya matumizi anaweza kukifuta kifungu kimoja cha fedha na kusaini vilivyobaki. Rais hana uwezo huo: anameza mswada mzima au anautema mzima, na wabunge wanajua, ndiyo maana huchomeka mabwawa yao humo humo. Mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria ya kumpa Rais uwezo wa kufuta kifungu kimoja kimoja. Mwaka 1997 Clinton aliutumia mara 82. Jiji la New York, lililokuwa limefutiwa nafuu ya fedha za matibabu ya watu maskini, lilikwenda mahakamani. Tarehe 25 Juni 1998 Mahakama ya Juu ilitamka, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba Katiba haimruhusu Rais kuibadilisha sheria kipande kipande baada ya kupitishwa.

Clinton alikuwa amebakiza miaka miwili na nusu. Aliimalizia akisaini miswada mizima mizima, huku magavana wengi wa majimbo wakiendelea kufuta vifungu kwa kalamu zao kama kawaida.