Je, wajua kwa nini kampuni za bima zenye mawakala wa gharama kubwa hazifi?

Wafanyabiashara wengi wa soko la Mwanga, Kigoma, huamini kwamba kamisheni ya wakala wa bima ni fedha inayopotea njiani. Imani hiyo ina ushahidi kiasi: mwaka 1973 mchumi Paul Joskow alionyesha kuwa, nchini Marekani, kampuni za bima ya mali zilizouza kupitia mawakala huru, yaani wanaouzia kampuni kadhaa, zilikuwa na gharama kubwa kuliko zenye mawakala wao pekee. Hata hivyo zimeendelea kuwapo.

Mwaka 1997 watafiti Allen Berger, David Cummins na Mary Weiss walitenganisha ufanisi wa gharama, yaani kampuni inavyobana matumizi, na ufanisi wa faida, yaani inachobakiwa nacho baada ya mapato kuhesabiwa pia. Kwenye gharama pengo kati ya aina hizo mbili za kampuni lilionekana. Kwenye faida sehemu yake kubwa ilitoweka, jambo linaloashiria kwamba wateja walikubali kulipia huduma isiyoonekana katika hesabu.

Huduma yenyewe ni ipi? Tuseme mwenye duka la vitenge ana mali ya shilingi milioni 20, lakini amekata bima ya milioni 10 ili ada iwe ndogo. Moto ukiteketeza mali ya milioni 4, atalipwa milioni 2 tu, kwa kuwa bima nyingi za moto zina sharti la kulipa kwa uwiano wa thamani iliyokatiwa bima. Wakala anayeingia dukani na kuhesabu majora huligundua hilo mapema.

Tena wakala huru ana nguvu, na hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Ni kama dalali wa dagaa pale Kibirizi mwenye wanunuzi kadhaa: mmoja akichelewesha malipo, mzigo wa kesho unakwenda kwa mwingine, na mnunuzi huyo analijua hilo tangu leo. Kwa desturi ya Marekani, orodha ya wateja ni mali ya wakala huru. Kampuni ikisumbua kulipa fidia, bima zikiisha muda anaweza kuzihamishia kwingine. Wakala wa kampuni moja hana silaha hiyo.

Ikumbukwe kwamba takwimu za utafiti huo wa 1997 ni za Marekani ya miaka ya 1980, na ubora wa huduma ulikisiwa kutokana na faida, haukupimwa wenyewe. Kwa maoni yangu, bima ya lazima ya pikipiki, ambayo masharti yake hayatofautiani sana, inafaa kununuliwa kwa njia nafuu kabisa. Duka ambalo mali yake hupanda na kushuka kila msimu linahitaji mtu wa kulikagua.