Kusuuza tokonveta kwa petroli si kuisafisha

Msimu wa korosho ukipamba moto, gari zinazoletwa gereji kwetu hapa Mtwara zikiwa zimekufa gia boksi huongezeka. Nyingi ni Noah na Alphard zilizokuwa zikipanda Newala na Tandahimba na abiria wa kujaza viti, mizigo juu. Mwenye gari hununua gia boksi ya mtumba, au fundi wake hufungua ileile na kubadilisha klachi. Njia zote mbili zinaweza kwenda vizuri. Mimi mtu akinipigia simu namuuliza kwanza habari ya tokonveta, kile chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi ya otomatiki: mliifanya nini? Jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Tuliisuuza kwa petroli, fundi, mpaka ikatoka safi."

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi, na nitaeleza sababu.

Tokonveta ina umbo la kitumbua kikubwa cha chuma, imechomelewa pande zote. Ndani yake kuna impela inayozungushwa na injini, tabaini inayozungusha shafti ya gia boksi, stata iliyokaa katikati yao, na klachi ya lokapu, inayoifunga tabaini na ganda vizunguke pamoja. Gari ikiwa inaondoka au inapanda kilima kwa gia ndogo, lokapu huwa imeachia, na nguvu yote inapitia kwenye haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, inayozunguka kati ya mapanga ya impela na tabaini. Joto kubwa la gia boksi linazaliwa hapo. Ndiyo maana kupanda uwanda wa Makonde ukiwa umepakia kupita kiasi kunaumiza gari kuliko kwenda kwa barabara ya lami tambarare, hata kama safari yenyewe ni ndefu zaidi.

Klachi za gia boksi zikiungua, unga wake mweusi na vumbi la chuma husafiri na haidroliki hadi ndani ya tokonveta. Humo ganda lote linazunguka kwa kasi ya injini, kwa hiyo uchafu, kwa kuwa ni mzito kuliko mafuta, unarushwa pembeni na kugandamana kwenye ukingo wa nje. Matundu ya kuingilia na kutokea yako katikati, kwenye shingo. Ukimwaga petroli kupitia shingo, ukatikisa na kuimwaga, unatoa kile kinachoelea. Kilichoshika pembeni, kilichojificha nyuma ya pistoni ya lokapu na kwenye springi zake, hakitikisiki. Na petroli yenyewe haitoki yote. Inayobaki inaifanya haidroliki mpya kuwa nyepesi kabla gari haijatoka getini.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Filta ya gia boksi iko kwenye sampo, yaani bakuli la mafuta la chini, mdomoni mwa pampu. Lakini haidroliki ikitoka kwenye tokonveta haiendi sampo moja kwa moja. Inakwenda rejeta kupozwa, halafu inarudi kulainisha bushi na beringi, ndipo inadondoka sampo. Maana yake uchafu wa tokonveta ya zamani unapita kwenye bushi za gia boksi mpya kabla ya kukutana na filta yoyote. Unaweza ukaweka filta ya bei kubwa kuliko zote na bado usiwe umezuia kitu.

Kuisafisha kwa kweli ni kuikata. Tunaweka alama ya patasi pande zote mbili ili irudi ilivyokuwa, tunapima kimo chake, kisha mkerezaji anaifunga kwenye mashine na kula mshono wa kiwandani taratibu mpaka vipande viachane.

Natamani kila mwenye gari aione ikifunguliwa angalau mara moja. Nimesimama na mteja ambaye gari yake ilifungwa gia boksi nyingine kwingineko, ikarudia ugonjwa uleule wa kuchelewa kushika gia na kutetemeka ikifika mwendo wa lokapu. Aliambiwa gia boksi ya pili nayo ilikuwa mbovu. Kifuniko kilipoachia, ukingo wote wa ndani ulikuwa na tope jeusi la kuchota kwa kidole, na ukilisugua kati ya vidole unasikia mchanga wa chuma. Lainingi ya lokapu, ule utando wa msuguano uliogundishwa, ilikuwa imebanduka nusu, vipande vyake vimejibana kati ya mapanga ya stata. Tokonveta hiyohiyo ilishasuuzwa, na petroli ilitoka safi. Mzee yule alinyamaza, kisha akaomba aipige picha.

Baada ya kuikata, kazi iliyobaki ni ya kawaida lakini haina njia ya mkato: kuosha kila panga, kubadilisha lainingi, sili na beringi, na kuipima stata. Stata unatia vidole kwenye meno yake na kuzungusha. Upande mmoja iende bure, upande wa pili igome. Ikienda bure pande zote, gari itakuwa nzito kuondoka. Ikigoma pande zote, itakosa mwendo na kuchemsha haidroliki. Kisha inachomelewa, inajazwa upepo na kuzamishwa majini kuona kama inavuja, na inabalansiwa. Shingo nayo lazima izunguke bila kuyumba, kwani vitabu vya Toyota nyingi vinaweka mwisho wa milimita 0.30. Mkerezaji asiye na kifaa cha kupima hivyo usimpe kazi hii, hata kama anachomelea vizuri kuliko wote mjini. Ni afadhali uipakie kwenye basi iende Dar es Salaam, au ununue nyingine.

Si kila tokonveta inahitaji kukatwa. Kama gia boksi ilisumbua kwa sababu ya waya au solenoidi (vali ya umeme), na haidroliki bado ni nyekundu, haina harufu ya kuungua, na sumaku ya sampo ina ute laini wa kijivu tu, mwaga, jaza mpya, endelea. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, au sindano za beringi, usibishane na ushahidi. Haidroliki iliyogeuka pinki yenye povu ni habari nyingine: rejeta imetoboka kwa ndani na maji yameingia. Maji yanalegeza gundi ya lainingi, na hapo tokonveta inafunguliwa au inatupwa.

Na rejeta, jamani. Njia ya haidroliki ndani yake inashika uchafu uleule. Tunaisukuma kwa dawa ya kusafishia na upepo, kwa kuanzia upande wa kutokea, mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Kama gia boksi ilisagika vyuma, mimi nashauri kubadilisha.

Wakati wa kufunga, mimina haidroliki kidogo ndani ya tokonveta, kisha iingize huku ukiizungusha. Lazima ikae kwenye meno ya tabaini, ya stata, na mwisho kwenye pampu. Utaisikia ikishuka hatua kwa hatua. Ukishaunganisha gia boksi na injini, tokonveta iwe bado inazunguka kwa mkono na ina nafasi ndogo kabla ya kugusa flaiwili, sahani ya nyuma ya injini inayofungwa nayo. Isipokuwa na nafasi hiyo, usiivute kwa bolti, shusha tena. Pampu inavunjika injini ikiwashwa tu.

Haidroliki nayo iwe ile iliyoandikwa kwa gari hiyo, na gia boksi za CVT, zile zisizo na gia za hatua kwa hatua, zina yake peke yake. Kwa Toyota nyingi ndogo, nati ya sampo inatoa lita 3 hadi 4 tu kati ya 7 au 8, zilizobaki zimo ndani, nyingi kwenye tokonveta. Kwa hiyo mteja wangu namwambia arudi akishatembea kilomita 1,000 hivi. Tunafungua sampo, tunaangalia sumaku pamoja, tunaongeza mpya.