Je, ndoto ya utotoni ndiyo dira ya kazi?

Wengi wetu tunaamini kwamba mtoto aliyesema "nitakuwa daktari" kisha akaishia kazi nyingine amepotea njia. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa anayehojiwa redioni ni rubani aliyeitamani ndege tangu chekechea. Maelfu waliotamani vilevile hawaulizwi.

Mtoto hutaja kazi anazoziona: mwalimu, nesi, askari, dereva. Huduma za kutuma pesa kwa simu zilianza Kenya mwaka 2007, kwa hiyo mtoto wa mwaka 1995 asingeweza kuota kuwa wakala wa huduma hizo, na leo kibanda cha wakala kinasomesha watoto. Tena Tanzania njia huchujwa baadaye sana: tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, kama PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) huchaguliwa baada ya kidato cha nne, na shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini. Ada nayo huamua mengi, na hilo linaniuma.

Ukitaka kuhakiki, waulize watu wazima kumi unaowafahamu, bila kuchagua waliofanikiwa tu: ulitamani nini, unafanya nini, na kazi yako uliisikia lini kwa mara ya kwanza?