Je, wajua kwa nini saratani ya titi huweza kuibukia mgongoni?

Muuza zabibu mmoja wa soko la Majengo, Dodoma, aliniuliza swali nikaondoka nalo. Mama yake mdogo, wa kule Hombolo, alikatwa titi miaka mitatu iliyopita, akapona. Sasa mgongo unamuuma, na daktari anasema ni saratani ileile ya titi. "Titi lenyewe halipo, dada. Imetoka wapi?"

Ilitoka kabla titi halijakatwa. Seli za mwili kwa kawaida zimeshikana. Ya saratani hulegeza mshiko, hutoa vimeng'enya vya kutafuna utando unaoizunguka, kisha hupenya kwenye mshipa wa damu au wa limfu, yale majimaji yanayozunguka mwilini. Ndiyo maana daktari anayepima titi hupapasa na kwapani, kwenye tezi za limfu.

Ila seli yenye afya ikinyofoka mahali pake hujiua. Mwili una amri hiyo, na mabilioni ya seli hujimaliza kila siku bila sisi kuhisi chochote. Mwaka 1972 wanasayansi waliita kifo hicho apoptosisi, neno la Kigiriki la kupukutika majani; aliyeona mibuyu ya Ugogo wakati wa kiangazi haitaji maelezo zaidi. Mmoja wa wasimamizi wa amri hiyo ni protini iitwayo p53, na katika karibu nusu ya saratani za binadamu jeni yake imeharibika, hivyo seli ya saratani yaweza kunyofoka isijiue. (Sisi tuna nakala mbili tu za jeni hiyo. Tembo, kama wale wa Ruaha, ana zipatazo 40, na saratani humpata kwa nadra.)

Hata hivyo, seli nyingi za saratani hufia njiani. Msukumo wa damu huzipasua, askari wa kinga huzila. Zinazopona mara nyingi huwa zimejifunika chembe sahani, zilezile zinazogandisha damu kwenye kidonda.

Kwa nini sasa mfupa? Mwaka 1889 daktari Stephen Paget wa London alipitia taarifa za maiti 735 za wanawake waliokufa kwa saratani ya titi, akaona haisambai ovyo: ina viungo inavyovipenda. Akaifananisha na mbegu na udongo: seli ya saratani ni mbegu, kiungo ni udongo. Mkulima wa Hombolo anajua mzabibu utakubali pale na mgomba utagoma. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na unapobomolewa huachia kemikali za kukuza seli. Seli ya titi ikifika huchochea ubomoaji, hula kinachomwagika, huzaana, huchochea tena. Nyingine hulala kwanza, miaka hata kumi, kama mbegu ya uwele ikingoja mvua.

Na haigeuki kuwa saratani ya mfupa. Kwenye hadubini bado ni seli ya titi, na dawa zake ni za saratani ya titi.

Juzi nilirudi sokoni nikamweleza. Alisikiliza huku akinyunyizia zabibu maji.

"Kumbe ni titi lililohamia mgongoni," akasema, akaanza kumpimia mteja kilo yake.