Je, wajua kwa nini kindege kile kile kinaruka katika kila kasino ya simu?

Katuba, Lubumbashi, saa kumi jioni. Chini ya mwavuli wa muuza uniti, vijana wawili wamekalia ndoo zilizopinduliwa, kila mmoja na simu yake na tovuti yake ya kubeti. Kwenye vioo vyote viwili kindege chekundu, mfano wa eropleni, kinapaa katika anga jeusi na namba inapanda nacho: ndiyo mara ambazo dau lako litazidishwa, mradi utoe pesa kabla hakijatoweka. Cha mdogo kinatoweka kwenye 1.32. Cha mkubwa bado kinapanda. "Toa, yaya, toa!" mdogo anapiga kelele. Mkubwa anagusa kitufe kwenye 2.10 na kucheka: "Si nilikuambia? Ya kwangu ndiyo inalipa."

Mimi nilikuwa nimekuja kununua mega tu, lakini macho yangu yaliganda kwenye kindege. Tovuti ni mbili, zenye majina tofauti na rangi tofauti, tena ni washindani. Kindege ni kimoja. Imekuwaje?

Kasino ya mtandaoni, mara nyingi, haitengenezi michezo inayoichezesha. Ni duka. Mwenye duka pale Katuba hachemshi sabuni anayouza. Sabuni hutoka kiwandani, ikapita kwa muuza jumla, ndipo ikafika kwenye rafu yake. Huku kiwanda kinaitwa studio. Kindege kile ni Aviator, mchezo wa mwaka 2019 kutoka Spribe, kampuni yenye asili ya Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukasia. Sloti, ile michezo ya magurudumu yenye picha za vito na matunda, zina viwanda vyao pia: NetEnt ya Sweden, iliyoanza 1996, Playtech, iliyozaliwa Estonia 1999, Play'n GO, nayo ya Sweden. Katikati wapo wauza jumla wanaokusanya michezo ya studio nyingi na kuipitisha kwenye bomba moja, ili kasino ipate maelfu ya michezo kwa mkataba mmoja. Studio hulipwa kwa kugawiwa mapato.

Kwa hiyo ukigusa kitufe, kazi inagawanyika. Seva ya kasino inakata pesa yako. Seva ya studio, pengine upande wa pili wa dunia, inachagua namba kwa bahati, inapata jibu na kulirudisha. Kwenye sloti jibu huwa limeshapatikana kabla magurudumu hayajasimama kuzunguka. Kinachofuata ni sinema.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mashine ya sloti ya Charles Fey, fundi wa San Francisco wa mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa na magurudumu matatu ya chuma yenye nafasi kumi kila moja: miunganiko 1,000, basi. Ulichokiona ndicho kilichokuwepo. Mwaka 1984 Inge Telnaes, mhandisi mwenye asili ya Norway, alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, huko Marekani kwa mashine ambayo namba huchaguliwa na kompyuta, halafu gurudumu linaambiwa lisimame wapi. Tangu hapo gurudumu limekuwa msemaji tu, na uamuzi unafanyika nyuma yake. Ukitaka kujua lini hasa mbunifu wa mchezo alipata mamlaka juu ya mchezaji, mimi ningeitaja hataza ile kabla ya kuitaja intaneti.

Na mamlaka hayo wanayatumiaje? Tazama sloti ya kawaida. Alama mbili za bonasi zimeshatua, moja imebaki. Magurudumu yaliyosalia yanapunguza mwendo, ngoma inapanda, kioo kinatetemeka. Jibu lilishajulikana sekunde mbili zilizopita. Ule mwendo wa kobe umeandikwa na mtu wa studio kwa makusudi. Alama ya tatu inapita chini kidogo ya mstari, nawe unasema: "Nilikuwa karibu!" Hukuwa karibu na chochote. Ila ubongo hauelewi hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kuwa kukosa padogo huamsha sehemu za ubongo zilezile zinazoamshwa na ushindi, na humwongezea mtu hamu ya kuendelea.

Kuna nyingine ya ujanja zaidi. Umeweka faranga 500, sloti inakurudishia 200, na sarafu za dhahabu zinamwagika kwa muziki wa harusi. Umepoteza 300 na unashangiliwa. Uingereza iliona hilo si la kuchekea: mwaka 2021 msimamizi wa kamari alipiga marufuku sherehe za namna hiyo kwenye sloti za mtandaoni, pamoja na kitufe cha kujizungusha chenyewe, na akaagiza kila mzunguko uchukue angalau sekunde 2.5.

Sekunde zina ubaya gani? Hapa naomba tushike kalamu, maana wengi hugombana juu ya asilimia na kuusahau mwendo. Chukua sloti inayorudisha asilimia 96. Maana yake, katika mamilioni ya mizunguko, kwa kila faranga 100 zilizowekwa, 96 hurudi kwa wachezaji wote kwa jumla na 4 hubaki. Ukiweka 500 kila mzunguko, unaacha wastani wa faranga 20. Kwa mzunguko wa sekunde tano, saa moja ina mizunguko 720: faranga 14,400. Ufanye uwe wa sekunde 2.5: mizunguko 1,440, faranga 28,800. Asilimia ni ile ile, lakini mfuko umevuja mara mbili kwa sababu mtu wa studio alifupisha picha ya gurudumu.

Kindege chenyewe ni ubunifu wa aina nyingine, na sishangai kimefika hadi kwetu. Anga jeusi, mstari mmoja, namba moja inayopanda: hakili mega kama sloti zenye picha nzito, na bibi asiyesoma Kiingereza anakielewa kwa kutazama mara moja. Pembeni kuna orodha ya wenzako, nani kaweka kiasi gani, nani katoa wapi, na maongezi yanapita kama kwenye kilabu. Zaidi ya yote, wanakupa kitufe cha kutoa. Unahisi uamuzi ni wako.

Hesabu zake hazijali kidole. Studio inataja marejesho ya asilimia 97. Kwa mchezo wa aina hiyo, uwezekano wa kufika 2.00 ni kama raundi 48 au 49 kati ya 100, kufika 10.00 ni chini kidogo ya 10 kati ya 100, kufika 100.00 haifiki hata moja. Toa mapema au chelewa, ile asilimia tatu inakatwa vilevile. Na wale wanaouza kwenye WhatsApp programu ya "kutabiri" kindege? Matokeo ya kila raundi yanatengenezwa kwa msimbo wa siri wa seva ukichanganywa na misimbo ya wachezaji watatu wa kwanza kuweka pesa, kisha unasagwa kwa hesabu iitwayo SHA-512. Baada ya raundi unaweza kuukagua. Kabla yake, huna cha kusoma. Anayekuuzia utabiri anakuuzia moshi.

Lakini yule mkubwa aliposema tovuti yake ndiyo inalipa, alikuwa na chembe ya ukweli, ingawa si kwenye kindege. Studio nyingi hutoa sloti moja kwa matoleo kadhaa. Book of Dead ya Play'n GO, ya mwaka 2016, ina toleo linalorudisha asilimia 96.21, na yapo yanayoshuka chini ya 90. Picha haibadiliki, wala muziki. Kasino ndiyo huchagua toleo la kuweka kwenye rafu.

Nikawaomba wafungue sloti moja iliyokuwepo kwenye simu zote mbili, waingie kwenye ukurasa wa maelezo na kushuka hadi maandishi madogo ya mwisho. Mdogo alisoma kwanza: 96 na ushee. Mkubwa akasoma, akarudia, akasogeza simu karibu na macho: 94 na ushee.

"Sasa hii," akauliza, "ni ba studio banachagua ao ni ba duka?"

"Wa duka."

Mdogo alicheka mpaka ndoo ikayumba. Mteja akaja kutaka uniti za elfu moja, mkubwa akaiweka simu mfukoni na kuanza kumhesabia chenji.