Hela ya greda si hela ya lami

Juzi nimekaa kibarazani Ngamiani, hapa Tanga, barabara ya tisa, kikombe cha kahawa hakijafika hata mdomoni, mzee mmoja ninayemheshimu kama baba mdogo akanigeukia. "Injinia, mwanangu, hela ya lami mmetuletea greda. Iliyobaki mmeila na nani?" Kibaraza kizima kikacheka. Nikacheka nao, maana mzee hajibiwi kwa hasira. Lakini swali hilo nimeulizwa Muheza, nimeulizwa Pangani, nimeulizwa msibani, na mwaka jana shemeji yangu aliniuliza harusini sahani ya pilau ikiwa mkononi. Leo naliandika, ili atakayerudia nimtumie linki nimalizie kahawa yangu.

Hakuna kitu kinaitwa "hela ya barabara". Kuna mafungu, na kila fungu lina mwenyewe. Ukijaza mafuta, sehemu ya bei ni tozo inayoingia Mfuko wa Barabara. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko ziende kwenye matengenezo, ujenzi usizidi asilimia 10. Na matengenezo ni kuitunza barabara ibaki vile ilivyo: ya changarawe ibaki ya changarawe, ya lami izibwe mashimo. Kuitoa barabara kwenye udongo kuipeleka kwenye lami ni fungu la maendeleo, na hilo kwa sehemu kubwa hutoka Hazina au kwa wafadhili na mikopo. Tanga–Horohoro, kilomita 65, ilijengwa kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Barabara ya pwani, ile ya kutoka Tanga kupitia Pangani hadi Bagamoyo, ina mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hakuna aliyeacha kuchonga njia ya kijijini kwenu ili miradi hiyo ipatikane, na hakuna anayeweza kuchukua hela ya greda lenu akamwaga lami. Mkaguzi atamla mzima mzima.

Ya nani ni ipi? Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya, yaani za mkusanyo, mlisho na jamii, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Bajeti ya 2021/22 iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa lita ili kuzisaidia hizi za wilaya. Watu wakasikia "mia kwa kila lita" wakaanza kuota lami hadi mlangoni. Hiyo mia inagawanywa nchi nzima, jamani. Tuendelee.

Sasa nije kwenye kinachonikera kweli kweli. Watu wanaamini barabara ya vumbi inaharibika kwa sababu haina lami. Inaharibika kwa sababu ya maji. Lami yenyewe bila mtaro hufa, tena kifo cha gharama. Greda likipita halilainishi tu njia kama pasi kwenye kanzu. Kazi yake ni kurudisha mgongo, katikati pawe juu na pembeni pawe chini, mvua ikinyesha maji yakimbilie mtaroni na mtaro uyapeleke kwenye kalavati au uyatoe shambani. Mgongo ukipotea, maji yanalala barabarani, gurudumu linayasukuma, changarawe inalegea, na shimo la leo ni bwawa la wiki ijayo.

Kuna njia moja nyuma ya Muheza tulikwenda kuikagua baada ya wananchi kulalamika kwamba kazi ilifanywa ya kulipua. Na kweli ilikuwa imekatika katikati, ufa wa kumeza pikipiki. Nikashuka kwenye kalavati. Bomba la sentimita 60, nusu yake mchanga, juu ya mchanga viroba, juu ya viroba makuti, na juu ya makuti ndala moja ya kushoto. Hatua kama 30 upande wa juu, mtu amejaza kifusi kwenye mtaro ili Noah yake iingie uani. Hakuweka hata bomba chini yake. Maji yote ya mlima yalifika pale, yakakosa njia, yakapanda barabarani na kufanya kazi yao. Mwenye Noah alikuwa pale pale kwenye mkutano, na ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba hela imeliwa.

Nikisema haya naambiwa nawatetea wakubwa. Hapana, yapo makosa ya kwetu pia, nayo vitabu vinayapitia haraka. Greda linalopita kila mwaka bila kuongezwa kifusi linaichimba barabara. Msimu wa kwanza linakwangua changarawe, wa pili linakwangua udongo, na baada ya miaka kadhaa barabara iko chini kuliko mashamba ya pembeni. Hapo hamna barabara tena, mna mto wenye kibao. Tabaka la changarawe tunalolipanga sentimita 15, mkandarasi asiposhindilia vizuri, linakuwa kama lile jina la jiji letu: waja leo waondoka leo. Nimewahi kusaini kazi ya kuchonga nikijua moyoni kwamba pale palitaka kifusi, na kifusi hakikuwemo kwenye mkataba. Nilifanya sawa? Mpaka leo sina jibu.

Na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, unaisha tarehe 30 Juni. Mpaka fedha ishuke, zabuni itangazwe, mkandarasi apatikane na mitambo ifike, vuli imeshapita na masika inabisha hodi. Mzee wangu akiniuliza kwa nini greda linakuja mwezi wa nne kuchonga tope, nitamwambia ana haki. Pale ndipo angenibana, lakini anang'ang'ania lami.

Usalama nao una hadithi yake. Tunapotaka kujua barabara inastahili kupandishwa hadhi, tunahesabu magari. Vijana wanakaa chini ya mwembe na karatasi, wanapiga mistari. Kinachoamua unene wa tabaka ni uzito wa ekseli, yaani mzigo unaobebwa na kila mhimili wa magurudumu: fuso la machungwa lina sauti kubwa, lori la katani lina sauti kubwa zaidi, bodaboda haina sauti kabisa, kwa sababu haiumizi barabara. Sasa nenda kasimame saa moja kwenye njia yoyote ya wilaya huku kwetu. Zinazopita ni bodaboda. Mama mjamzito anakwenda zahanati kwa bodaboda, watoto watatu wa shule wamepakiwa bodaboda moja. Hesabu yetu inapima nani anaiumiza barabara, haipimi barabara inamuumiza nani. Nimelisema hili kwenye vikao zaidi ya mara moja. Huwa wanaitikia kwa kichwa, kisha tunarudi kwenye ekseli.

Halafu lami ikija, watu wanashangaa ajali zinaongezeka. Ulitegemea nini? Bodaboda iliyokuwa inaruka mashimo mwendo wa 30 sasa inakwenda 80, mbuzi ni wale wale, watoto ni wale wale, na pembeni hakuna njia ya miguu. Mtu anagongwa, kijiji kinafunga barabara kwa magogo kudai tuta, na tuta linawekwa haraka haraka bila rangi wala kibao. Wiki mbili baadaye pikipiki inapaa juu yake usiku. Pengine rasta, vile vituta vidogo vidogo vya kumshtua dereva, na kibao cha mwendo wa 50 vingefaa zaidi, lakini kibao ukikisimamisha Jumatatu, Ijumaa kimeshapimwa kwenye mzani wa chuma chakavu. Bajeti ikibana, vibao na rangi ndivyo tunavyofyeka mwanzo, halafu mitaro. Nimeona kalamu ikipita juu ya mistari hiyo, na mara moja kalamu ilikuwa yangu.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akamalizia kashata yake. Akauliza, "Sasa ule mtaro wa nyumbani kwangu alioujaza mjukuu wangu, niufukue?" Nikamwambia aufukue kabla ya vuli, na aweke bomba. Akaniuliza bomba analipia nani.