Altrasaundi huonyesha pia mfupa wa kiganja uliovunjika
Ujumbe unaozunguka mara kwa mara katika makundi ya simu ya Arusha na Moshi unadai kwamba altrasaundi ni kipimo cha wajawazito tu, na kwamba haiwezi kutambua mfupa uliovunjika. Si kweli. Mawimbi yake ya sauti hayapenyi mfupa, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Lakini uso wa mfupa huyarudisha, ukaonekana kama mstari mweupe, ambao hukatika au kupishana palipovunjika. Mgonjwa anaweza kuomba aonyeshwe mstari huo kwenye skrini, ukilinganishwa na wa mkono usioumia. Eksirei bado inahitajika, hasa kwa mifupa midogo ya kifundo cha mkono. Tafadhali, msiusambaze ujumbe huo, kwa sababu aliyeumia anaweza kukataa kipimo cha haraka kisicho na mionzi.